Siku Korongo Walipoitwa Ligi Kubwa

Kwa zaidi ya miaka thelathini Delmar Haugen alikuwa akitangaza redioni michezo ya Chuo cha Torvik, na watu walikuwa wameizoea sauti yake kama wanavyouzoea mlango wa nyumba yao: hakuna anayeusifu kwa kufunguka. Asubuhi sauti hiyo ilisoma bei ya ngano na alizeti. Adhuhuri ilisema kama theluji inakuja au imeghairi. Na siku ya mchezo iliwachukua wakulima juu ya matrekta yao, na wapishi majikoni, na madereva wa malori katika zile barabara zilizonyooka za Dakota Kaskazini, ikawakalisha wote ndani ya ukumbi wa Torvik, wakauona mpira unavyodunda.

Chuo chenyewe hakikuwa na jina kubwa. Hakikuwa hata na timu ya ule mpira wa Kimarekani, wa kuvaa helmeti, unaozoa fedha nchi nzima. Kilichokuwa nacho ni mpira wa kikapu, hasa timu ya wasichana, waliojulikana kama Korongo, na mji mdogo uliowapenda wasichana hao kuliko akili inavyoruhusu. Mtu wa Torvik angeweza kusahau siku ya kuzaliwa kwa mkewe, lakini si nani alitupia kikapu cha mwisho mwaka ule wa mafuriko.

Mwaka wa kisa hiki vyuo vilikuwa vinahama ligi kama wapangaji: anayesikia kuna chumba kizuri mtaa wa pili anafungasha, wala hasemi kwaheri. Kiangazi ligi ya Torvik ilianza kumeguka. Kikatoka chuo kimoja, kikatoka cha pili, na kabla ya mavuno waliobaki walikuwa wachache kiasi kwamba hata jina la ligi lilionekana kubwa kuliko wao. Kila mtu alijua kwamba bila ligi timu haina wa kucheza naye, na timu isiyo na wa kucheza naye hufa polepole, halafu mji nao hufuata. Tumaini lililobaki lilikuwa moja, nalo ni kualikwa na Ligi ya Nyanda Kuu, ligi ya wakubwa, ambako Chuo cha Corwin, watani wao wa tangu enzi za mababu, kilikuwa kimeshaingia.

Corwin kuingia ndiko kulikowauma zaidi. Pale Torvik aliishi mtu mmoja, Wendell Opdahl, muuza vipuri vya matrekta, ambaye alikuwa amesoma Corwin na hakukubali mtu asahau. Kila asubuhi aliingia mkahawani na kofia ya Corwin kichwani, akaketi karibu na Delmar makusudi.

"Sisi tumeshahamia ghorofani," alimwambia siku moja huku akikoroga kahawa. "Huko juu hewa safi. Nyie mkisikia kishindo darini, ni sisi tunacheza."

"Chezeni taratibu," Delmar akamjibu. "Tunakuja kupanga chumba cha jirani."

"Korongo akipanda ghorofani anakwama ngazini, mzee. Ile miguu."

Mkahawa mzima ukacheka, na Delmar akacheka nao. Lakini usiku hakuwa akicheka. Alikuwa akilala akiwaza kwamba amewatangaza wasichana hawa maisha yake yote, na huenda atakayekuja kutangaza kifo cha timu ni yeye.

Mwanzoni mwa majira ya baridi habari zikaja. Ligi ya Nyanda Kuu ingetuma wajumbe wawili mwezi Januari kuja kuangalia mchezo kati ya Torvik na Corwin. Walitaka kujua kama ukumbi unafaa, na hasa kama chuo kilichoko mbali namna ile kina watu. Aliyezileta ni Trina Renner, mkuu wa michezo wa chuo, ambaye miaka ya nyuma naye alikuwa Korongo na Delmar ndiye aliyemtangaza. Alikuja redioni baada ya taarifa ya adhuhuri, akafunga mlango nyuma yake, na kwa jinsi alivyoufunga Delmar akajua kuna jambo la pili.

"Kuna kitu sipendi ukisikie kwa mtu mwingine," Trina alisema.

"Basi niambie wewe."

Akamweleza. Matangazo yote ya ligi ile, ya televisheni na ya redio, yalikuwa yamenunuliwa na kampuni moja ya jiji la mbali yenye watangazaji wake. Chuo kikiingia, redio ya Torvik haitaruhusiwa kutangaza hata mchezo mmoja.

"Naweza kuwaambia hatuji bila wewe," Trina akasema. "Watanicheka, lakini nitawaambia."

Delmar alikitazama kipaza sauti chake, ambacho kilikuwa kimechubuka rangi upande ule anaokishikia.

"Usithubutu, binti," akasema. "Tangu wewe unacheza pale chini, kaptula inakupwaya, nawaambia watu hawa kwamba timu yao inaweza kusimama na yeyote. Leo wakubwa wanakuja kuhakikisha, halafu kizuizi niwe mimi?"

Jioni alimsimulia mkewe, Corinne, wakila supu ya viazi. Corinne hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Akamuuliza kama wakimwomba awaite watu waje kuujaza ukumbi siku hiyo, atawaita. Delmar akasema atawaita.

"Yaani unanoa jembe la kujichimbia kaburi mwenyewe."

"Kaburi gani, mke wangu? Bei ya ngano si inabaki yangu?"

Corinne alijizuia asicheke, akashindwa. Lakini siku hiyo vyombo aliviosha kwa kishindo kuliko kawaida, na Delmar akamwacha, kwa sababu alijua kishindo kile ni cha kumwonea yeye uchungu.

Basi akaanza kuwaita. Kila siku, baada ya bei ya ngano, aliwakumbusha watu tarehe. Hakubembeleza. Aliwaambia kwamba wageni wanakuja kuona kama Torvik kuna watu, na kwamba swali hilo si la yeye kulijibu. Mji ukawaka. Wanawake wa kanisani wakagawana mapishi ya kuuzwa mlangoni, wanafunzi wakapaka rangi viti vya mbao vilivyochakaa, na mzee mmoja aliyekuwa hatoki nyumbani tangu avunjike nyonga akatangaza kwamba atabebwa.

Siku yenyewe kukapambazuka na dhoruba. Theluji iliruka kwa ubavu, upepo ukaipiga ukutani mpaka madirisha ya kituo cha redio yakawa meupe. Polisi wa barabara wakatoa ilani kwamba asiye na shida ya lazima akae nyumbani. Wajumbe walikuwa wamefika jana yake, na timu ya Corwin pia, wote wamelala hoteli ile ile moja ya mjini. Waliokosekana ni watu, maana nusu ya mashabiki wa Korongo huishi mashambani.

Delmar alikaa mbele ya kipaza sauti na ilani mkononi. Alijua kwamba neno lake lingeweza kuwatoa watu majumbani mwao, na kwa sababu hiyo hiyo aliogopa kulisema. Akaisoma ilani yote, neno kwa neno. Kisha akasema, "Mimi sitamwita mtu aje afe barabarani. Mchezo si roho. Dhoruba isipotulia, kaeni nyumbani, nami nitawaletea mchezo kama siku zote. Ikitulia, mnajua tulipo." Akaweka muziki.

Alasiri upepo ukaanguka ghafla, kama mtu aliyechoka kugomba. Lakini barabara zilikuwa zimefukiwa. Ndipo simu zilipoanza kuingia redioni. Mkulima mmoja wa upande wa kaskazini akasema ametoka na trekta lake anasukuma theluji kuelekea mjini, na majirani zake wanamfuata nyuma na magari. Mwingine wa upande wa mto akasema hivyo hivyo. Barabara ya mashariki, iliyokuwa mbaya kuliko zote, haikuwa na mtu, mpaka Delmar alipopigiwa simu na sauti aliyoijua vizuri.

"Mwambie mtu wa mashariki asikate tamaa," alisema Wendell Opdahl. "Niko na lori langu kubwa, nasukuma theluji, nimefika daraja la pili."

Delmar hakuamini masikio yake. "Wendell, wewe ni mtu wa Corwin."

"Ndiyo. Na nataka mwingie ligi yetu niendelee kuwaona mkifungwa. Nikose mtu wa kumcheka mkahawani?" Akakata simu.

Waliingia wakiwa na theluji mabegani. Waliingia kwa familia, na watoto waliofungwa mablanketi, na yule mzee wa nyonga akabebwa kweli, juu ya kiti cha jikoni. Viti vikajaa, watu wakaketi ngazini, waliokosa ngazi wakasimama kuzunguka kuta. Delmar, pale juu kwenye kibanda chake, aliwatangazia waliobaki nyumbani kwamba hawakosi mchezo tu, wanakosa joto.

Korongo walifungwa. Hilo halina haja ya kupambwa. Waliongoza mpaka robo ya nne, kisha Corwin wakakaza, na mtupo wa mwisho wa Torvik ukazunguka mdomo wa kikapu na kutoka nje. Pengo lilikuwa kikapu kimoja. Wasichana wakaanguka sakafuni, nyuso mikononi.

Halafu watu wakasimama. Hawakuwa wakiondoka. Walisimama wakapiga makofi, na makofi yakaendelea wakati wasichana wakiinuka, wakati wakipeana mikono na Corwin, wakati kocha akijifuta macho akijifanya ni jasho. Mjumbe mmoja, mwanamke wa makamo mwenye koti la kijivu, aliyekuwa ameketi jirani na kibanda cha matangazo, akamgeukia Delmar.

"Wamefungwa," alisema. "Mbona hawaondoki?"

Delmar alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Mama, hawa wamekuja kuwaona watoto wao. Ushindi ungekuwa nyongeza."

Yule mama akageuka tena kuwatazama watu.

Jibu lilikuja mwezi Machi. Trina alikimbia kutoka chuoni hadi redioni bila koti, akaingia asubuhi Delmar akiwa katikati ya bei ya alizeti, akasema neno moja tu: "Wametuita." Delmar akamalizia bei ya alizeti, kwa sababu wakulima walikuwa wanaisubiri. Kisha akasema redioni, "Na habari nyingine ya leo. Korongo wa Torvik wamealikwa Ligi ya Nyanda Kuu." Baada ya hapo alitaka kuendelea. Lakini barabarani honi zikaanza, moja, nyingine, mpaka mji mzima ukawa honi, naye akafungua dirisha ili zisikike hewani, akaacha zimalizie habari kwa niaba yake.

Mchezo wake wa mwisho aliutangaza wiki iliyofuata. Chuo kilitaka kumfanyia sherehe, akakubali kitu kimoja tu, kwamba wachezaji wa zamani waje. Walikuja wengi, wengine na wajukuu, wakasimama uwanjani wakati wa mapumziko, na Delmar akawataja mmoja mmoja kwa majina yao ya usichana. Alipomaliza, Trina akachukua kipaza sauti cha ukumbini na kulitaja jina la Delmar. Watu walisimama kama walivyosimama Januari. Delmar aliinamia karatasi zake akajifanya anatafuta takwimu.

Msimu mpya ulipoanza, Torvik walifungwa michezo miwili ya ugenini, na mtangazaji wa ile kampuni ya jijini alilitamka jina la mji vibaya mara zote. Wa tatu ulikuwa nyumbani, dhidi ya chuo kikubwa kuliko vyote vya ligi ile, chenye wanafunzi wengi kuliko watu wa wilaya nzima. Delmar alikwenda na Corinne, wakaketi jukwaani. Hakujua mikono aiweke wapi. Robo ya kwanza alikuwa akinong'ona mchezo chini ya pumzi, nani anao, nani kamwachia, na watu wa viti vya mbele wakaanza kuegemea nyuma wapate kusikia.

"Acha kutangaza," Corinne akamwambia. "Shangilia."

"Mtangazaji hashangilii."

"Wewe ni mtangazaji wa nani leo?"

Delmar akalifikiria hilo. Katika miaka ile yote hakuwahi kupaza sauti kwa ajili ya Korongo hata mara moja. Kazi ilikuwa ikimtaka awe wa haki kwa wote, naye aliiheshimu. Robo ya nne timu zilikuwa sawa. Msichana mmoja wa Torvik, mrefu, mtoto wa wafuga ng'ombe wa kaskazini, akaunyakua mpira mikononi mwa mtu, akakimbia nao peke yake, akaruka. Na mzee Delmar Haugen akajikuta amesimama juu ya kiti, ngumi hewani, akiunguruma sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia katika ndoa yao yote. Hakushuka mpaka filimbi ya mwisho. Korongo walishinda.

Kesho yake mkahawani Wendell Opdahl aliketi karibu naye, akasubiri kusikia majigambo. Delmar akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa, na asubuhi hiyo bei ya ngano ilibidi isomwe na mtu mwingine.

"Sema basi," Wendell akamwambia. "Nimeamka mapema nije nitukanwe."

Delmar akatabasamu, akavuta leso ya karatasi, akaandika matokeo kwa tarakimu kubwa, akaisukuma mbele ya kikombe cha mwenzake. Wendell aliisoma, akavua kofia yake ya Corwin, akaiweka mezani, akamwita mhudumu amletee jirani yake kahawa ya pili.