Dakika Sita za Mlinzi

Uliwaona, ukageuza shingo. Ulipita nje ya kiwanda kile cha nguo, ukawakuta wanawake wanatoka mbio kama waliomwagiwa siafu, ukajisemea: hayanihusu.

Basi sikia yaliyomkuta Mama Vifungo, fundi cherehani aliyeshona hapo miaka kumi na tisa. Karakana yao iko nyuma kabisa. Hadi ofisini, pale getini, ni mwendo wa dakika sita. Simu na saa za mkononi huachwa getini, eti zisiwachoshe. Kila Jumatatu mlinzi huandika saa ya ofisi kwenye karatasi, akajikongoja hadi karakana, akaipanga saa ya huko vilevile ilivyoandikwa. Agizo ni agizo.

Leo mchana meneja alimwita ofisini, kadi yake ya saa za kazi mkononi.

"Jana umetoka karakana saa kumi na moja kamili, umepita getini na dakika kumi na mbili. Mwendo ni sita, mama. Sita nyingine ulikuwa unaficha vitambaa? Leo jioni ndiyo mwisho wako hapa."

Mama Vifungo akatoa kijikaratasi.

"Leo saa nne kamili ya karakana nilimtuma mfagiaji kwa karani wako. Karani kaandika alipofika: nne na dakika kumi na mbili. Mfagiaji akageuza papo hapo. Anaingia kwetu, saa ya karakana inasema nne na dakika kumi na mbili! Kwenda dakika kumi na mbili, kurudi sifuri. Aliota mabawa, bosi?"

Karani akakohoa kumeza kicheko.

"Safari nzima ni kumi na mbili, nusu yake sita. Mlinzi anatuletea saa iliyokwisha pita. Mkisema 'sasa' huku, 'sasa' ya kwetu iko nyuma dakika sita, na hizo sita tunashona bure kila jioni."

"Saa ya ofisi haikosei!"

"Haikosei. Njia tu ndiyo hamjaihesabu."

"Nitaunda kamati. Wewe jioni uondoke."

Kamati! Ya kuchunguza miguu ya mlinzi, bila shaka.

Mama Vifungo akarudi karakana, akapanda kigoda, akausogeza mshale wa saa ya ukutani dakika sita mbele. Cherehani arobaini zikanyamaza.

"Anayeikubali saa hii, jioni asimame nami getini."

Jirani yake, mwenye watoto wanne na woga wa watu wanane, akawa wa kwanza kuinuka.

Jioni haijafika, nawe bado umekaa. Inuka! Tuma karatasi kazini kwako, iende, irudi, gawa muda wake kwa mbili. Kisha njoo getini. Sasa hivi, na usingoje ofisi ikwambie sasa ni lini.