Nyasi za Yonathani

Kitendawili! Semeni "tega" basi, msinitazame tu. Nimemgawia jirani, changu hakikupungua. Wengine hujibu moto. Sisi wanawake wa Mbozi tulijibu shina la ua, na hadi leo nikilitaja jibu hilo hasira zinanipanda.

Mume wangu Yonathani alitunza bustani ya Mzungu mmoja kule migodini, ng'ambo ya Tunduma. Mkataba ulipokwisha alirudi na blanketi, baiskeli isiyo na breki, na shina la nyasi alilolifunga kwa gunia lililoloweshwa maji. Nyasi zenyewe zilinizidi urefu, zina mashuke meupe laini. Tuliziita mikia ya farasi, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kumwona farasi. Akazipanda mbele ya mlango. Mwaka uliofuata tukamzika.

Kina mama wa kanisani tulikuwa na desturi yetu. Mvua za kwanza zikishalainisha udongo, kila mmoja aling'oa mashina yaliyonenepa, akayapasua kwa jembe, akapeleka yaliyozidi kwa mwenzake. Ua la dalia kwa ua la kana, kana kwa yungiyungi. Hakuna aliyeuza. Sharti lilikuwa moja: la kwako likifa, yule uliyempa anakukatia kipande, bila kudai kitu. Nyasi za Yonathani nilizionea uchungu kuzipasua, nikampa mtu mmoja tu, Ferista, tuliyemwita Mama Watson. Naye akanipa dalia nyekundu.

Mwaka 1952 binti yangu Teresia akachumbiwa na Enoka. Mnajua kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani wala hawasemeshani. Enoka akaja kulima kwangu, kuonyesha kwamba ana mikono. Mimi nikajifungia jikoni. Nilimsikia akipiga jembe tangu asubuhi, nikafurahi, kumbe Teresia kapata mtu! Alipoondoka nikatoka. Uwanja ulikuwa mweupe kama sahani. Alikuwa amezing'oa nyasi za Yonathani akidhani ni magugu, akazichoma pamoja na majani ya sangari. Angemwuliza nani? Na mimi ningemgombeza vipi? Nilikaa kizingitini nikitafuna pindo la nguo yangu.

Zilibaki wiki mbili kufika Pasaka. Kwetu wakati huo makaburi husafishwa na kupambwa, na alfajiri ya Pasaka kanisa lote huenda kuimba pale. Kaburi la Yonathani halikuwahi kukosa mashuke yale.

Nikaenda kwa Ferista. Zake zilikuwa zimestawi hasa, mashuke yanameta juani.

"Hodi, Mama Watson. Zangu zimekufa. Nikatie kipande."

Hakuinuka. Alikuwa akipepeta maharage. "Zimekufa, au mkweo ana njaa ya jembe?"

"Nikatie, dada."

"Umeniletea nini?"

Nikadhani anatania. "Tangu lini tunaulizana hivyo?"

"Tangu bibi wa misheni aliposema mashuke ya madhabahuni mwaka huu yatoke kwangu, kwa kuwa sasa hakuna mwingine anayo. Nikikukatia wewe leo, kesho watu kumi watakuwa nayo. Ulishindwa kuchunga, Mama Teresia. Kwangu si ghala lako."

"Hizo ni za mume wangu!"

"Mumeo yuko makaburini. Nyasi ziko kwangu."

Niliondoka bila kuaga. Ningebaki, ungo ule wa maharage ningemvika kichwani.

Jumamosi ya kusafisha makaburi, mkesha wa Pasaka, kila mtu alikuja na maua yake. Mimi nilikuja mikono mitupu. Yunisi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, akaniuliza, "Mbona Yonathani yuko uchi leo?" Nikamweleza yote, kwa sauti, na Ferista yuko makaburi matatu kutoka pale.

"Mama Watson," Yunisi akaita, "ni kweli?"

"Kila mtu achunge chake."

"Haya. Tutachunga."

Alikwenda kwake, akang'oa dalia zote alizowahi kupewa na Ferista, akaja akazimwaga mlangoni pa Mama Watson pamoja na udongo wake. "Chukua zako. Nipe zangu." Kufika saa tisa tulikuwa kina mama tisa na majembe tisa. Kana zilitoka, yungiyungi zikatoka. Ua ule ulibaki kama umepitiwa na nguruwe pori.

Mimi nilichimba mwisho. Nilichimba shina zima.

Ferista akanishika mkono. "Mama Teresia, niachie hata kichipukizi. Bibi wa misheni nitamwambia nini kesho?"

Kwa desturi yetu nilipaswa kumwachia. Hata Yunisi alininong'oneza, "Mwachie kidogo, inatosha sasa."

"Mumeo yu hai," nikamwambia Ferista. "Mwambie akakutafutie zako." Nikalibeba lote kichwani, udongo ukinimwagikia shingoni.

Nililipanda kaburini jioni ile ile. Alfajiri watu waliimba, mashuke yakiyumba juu ya Yonathani. Madhabahuni walikuwa wameweka majani ya mgomba kwenye kopo. Niliimba beti zote nikiwa nimeuma meno.

Lakini mwezi wa nne mvua zinaaga, na shina lililong'olewa likiwa na mashuke halina nguvu ya kukabili kiangazi. Nilibeba maji kila jioni kutoka mtoni. Kufika mwezi wa saba lilikuwa kavu, ukilivuta linakuja mkononi. Nilizunguka nyumba saba nikiuliza nani ana kipande, nikijua fika kwamba hakuna. Kilichokuwepo nilikichimba mwenyewe.

Siku moja nikakutana na Ferista kwenye kijia cha mtoni, nina debe la kumwagilia kichwani bado, kwa mazoea tu. Akalitazama debe, akanitazama mimi, akajua limekufa. Nikasimama nikangoja anicheke, na jibu langu nilikuwa nalo tayari.

Hakunicheka. Alisogea kando kwenye majani, akanipisha nipite. Nilimkasirikia kwa hilo pia.