Tui Lililokatika

Kama kuna jambo ambalo Faridah hakukubali kufunzwa na kiumbe yeyote, ni nazi. Mtu wa Kisauni yule, kazaliwa nazi inakunwa, kaolewa nazi inakunwa, na alipopanda ndege kuja Doha alibeba mbuzi yake ya kukunia sandukuni, kaiviringisha kwa leso. Watu wa forodha walipouliza hii ni silaha gani, alicheka hadi akashika mbavu. Tui la kopo? Ptu! Hilo aliwaachia wasio na mikono.

Kazi yake ilikuwa kuangalia watoto kwenye basi la shule, na alikaa mtaa wa Abu Hamour, nyumba ya vyumba vya kupanga ambamo wanawake walitumia jiko moja. Humo ndimo alimompokea Wairimu, msichana wa Karatina aliyetua mjini na kumkuta wakala wake kazima simu. Hawakuwa kabila moja wala dini moja. Faridah alimwambia tu, "Ingia, mwanangu. Kulia utalia ukishakula." Wairimu akalala kwenye godoro la Faridah mpaka alipopata kazi ya kuosha vyombo hotelini, jikoni mwa mkahawa wa Kithai, akapanga chumba humo humo. Tangu hapo akawa anamwita dada, na neno la dada kwake likawa sheria.

Nazi naye akafunzwa. Mtu wa Karatina na nazi, wapi na wapi! Alijikuna vidole badala ya nazi, akachuja machicha yakaingia mchuzini, lakini Faridah hakumwachia. Mkamuo wa kwanza ndio kasimile, tui zito, nalo huingia mwisho kabisa, moto mdogo, mwiko usitulie. "Likichemka likakatika, mafuta huku maji huku, hicho si chakula tena. Mwaga! Usinitie aibu." Wairimu alikuwa akiitikia, "Sawa, dada."

Sasa kule hotelini mpishi mkuu, mama wa Kithai aitwaye Malee, alikuwa amemwona msichana huyu anavyochungulia masufuria kila akipita na vyombo vichafu. Muosha vyombo haruhusiwi kugusa jiko la hoteli. Basi Malee akamwambia: nipikie kwenu ile supu yetu ya tambi yenye mchuzi wa nazi, nije Ijumaa nionje. Ukiipata sawasawa, nitakuombea kwa wakubwa utoke kwenye karo la vyombo uje kwenye moto. Wairimu alirudi nyumbani anaimba. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa sabuni kali, na Faridah ndiye aliyekuwa akimpaka mafuta kwenye nyufa. Hakuhitaji kuelezwa kazi ile ina maana gani.

Ijumaa ikafika. Wairimu akatwanga pilipili, mchaichai, tangawizi na manjano mpaka nyumba nzima ikapiga chafya. Kuku alikuwa ameshachemshwa. Tambi za mayai nyingine zilichemshwa, nyingine zikakaangwa ziwe za kunyunyiza juu. Kisha, Faridah akiwa chumbani anapiga pasi, Wairimu akatia kasimile kwenye sufuria tupu, mwanzo kabisa, pamoja na vile viungo, akaiacha ichemke. Hapo simu ikalia: Malee kafika kituo cha petroli, hajui njia. Na ndimu nazo zilikuwa zimesahaulika.

"Dada, niangalizie sufuria," Wairimu alisema, anavaa viatu. "Usikoroge, usiguse. Nakuja sasa hivi."

Faridah akaja jikoni, akatazama. Lahaula! Tui limekatika. Mafuta mekundu yanaelea juu, chini rojo limeganda kwa mabonge, na sufuria linatoa mlio wa kukaanga. Maskini mtoto, siku ya bahati yake ndiyo anaharibikiwa! Neno "usiguse" alilikumbuka, lakini alilichukulia kuwa ni neno la mtu asiyejua kinachotokea nyuma yake. Ampe mgeni mchuzi uliokatika, katika nyumba ambayo yeye Faridah yumo? Akalishika sufuria kwa kitambaa, akamwaga yote kwenye karo.

Kasimile nyingine ilikuwemo kwenye friji. Akakaanga vitunguu chapuchapu, akatia kuku, tui jepesi, manjano kidogo, na mwisho kasimile, anakoroga huku jasho linamtiririka. Mchuzi ukatoka laini, wa manjano hafifu ya kupendeza. Akaumimina juu ya tambi. Alikuwa anafuta ukingo wa bakuli la mwisho mlango ulipofunguliwa, Wairimu akaingia na mgeni wake.

Wairimu akatazama mabakuli. Akatazama karo, ambako wekundu wa viungo ulikuwa umeganda kwenye tundu. Halafu akamtazama Faridah, uso unang'aa kwa jasho na furaha.

"Lilikukatikia," Faridah akamnong'oneza kwa Kiswahili. "Usijali, nimelifanya upya."

"Asante, dada," akasema Wairimu. "Umeniokoa."

Malee akala, tena akala vizuri. Alipomaliza akauliza, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kama hiki ni chakula cha kwao akina Wairimu. Wairimu akafungua mdomo. Faridah akamwahi: ndiyo, ndiyo, hiki ni cha kwetu, Mombasa! Malee akatabasamu, akashukuru, akaaga. Kazi ya kwenye moto akapewa Collins, kijana Mganda aliyeajiriwa juzi tu.

Lo, matusi aliyotukanwa yule Mthai! Faridah alimsimulia kila aliyepanda basi. Kala kakomba bakuli, kamnyima mtoto kazi, roho mbaya gani hiyo? Wairimu alikuwa akiyasikia yote. Akaosha vyombo mpaka mkataba ulipokwisha, kisha akarudi kwao. Uwanja wa ndege Faridah alimpa ile mbuzi iwe kumbukumbu, wakalia wote.

Miaka ikapita. Chumba cha Wairimu akakipanga Gakii, nesi, mtoto wa simu mkononi. Jioni moja naye akaamua kupika supu ya tambi ya Kithai, anafuata video. Faridah akaona kasimile inaingia kwanza, akaruka.

"We! Litakatika hilo!"

"Ndivyo wanavyotaka, dada. Wanasema lisipokatika, viungo havikaangiki, supu haiwi yenyewe."

Faridah akaiinamia simu. Mama mmoja wa Kithai alikuwa anaonyesha sufuria lake kwa fahari: mafuta mekundu juu, rojo limeganda chini. Faridah akalitambua. Akatoka hadi uani, akapiga simu Karatina.

"Wairimu. Ile Ijumaa. Tui lako halikuwa limeharibika."

"Najua, dada."

"Ulijua siku ileile?"

"Nililikata makusudi."

"Sasa mbona hukusema, mwanangu? Mbona hukumwambia yule mama?"

"Ningemwambia nini, dada? Kwamba wewe hujui nazi?"

Faridah akajifunika uso kwa ncha ya mtandio. Alilimwaga kwa mkono wake mwenyewe, na maji yakimwagika hayazoleki. Alitaka kuomba radhi, akaangua kilio.

"Wacha kulia, dada," Wairimu alimbembeleza. "Hapa soko lote linajua kuku wangu wa nazi. Mbuzi yako bado nakunia. Na kasimile natia mwisho, vile ulinifunza."

"Na ile supu?"

"Ile sijawahi kuipika tena."

Ndani, Gakii alikuwa anaita chakula tayari, tambi zinalowa. Faridah akaitikia kwamba anakuja, akabaki pale pale uani.