Tambi za Sufuria Moja

Joyness alipomwona mama yake mlangoni na begi, alimpa shikamoo ya adabu kabisa, akakimbia ndani, akarudi anaburuta kiti cha plastiki, kile cha wageni.

"Karibu ukae," alisema.

Tusajigwe akakaa. Angefanya nini? Njia nzima kutoka Igowole alikuwa akijiona anarukiwa shingoni, begi linaanguka, wanacheka wote wawili pale sakafuni. Sasa amekaa kwenye kiti cha wageni nyumbani kwake Uyole, magoti yamebana pamoja, na mwanawe amesimama mbali kidogo anamkagua viatu.

Nyuma ya mtoto alikuwa Matilda, wifi yake, anajifuta mikono kwenye kitenge. "Joy, huyo si mgeni. Huyo ni mama. Si unaongea naye kwenye simu?"

"Najua," mtoto akajibu, lakini akamnong'oneza shangazi yake jambo kwa Kihehe, akidhani mama yake Mnyakyusa hatasikia. Tusajigwe alisikia. Kihehe alikuwa amefundishwa na wagonjwa wake, neno moja moja, kila siku. Mtoto alikuwa ameuliza: huyu atalala wapi?

Tusajigwe ni muuguzi. Ajira yake ilipotoka ilimpeleka zahanati moja huko Igowole, Mufindi, wakati mumewe Ambrosi anafundisha sekondari hapa Mbeya. Mwanzo alikwenda na mtoto, akiwa bado ananyonya. Lakini zamu za usiku zinataka mtu wa kubaki na mtoto, na mtu huyo hakupatikana. Halafu ile baridi ya kule, inayotoka kwenye mashamba ya chai na kuingia hadi ndani ya godoro, ilimshika Joyness kifua, akapona, ikamshika tena. Ambrosi akaja kumchukua.

"Si kwa ubaya, Mama Joy," alisema.

"Najua si kwa ubaya," Tusajigwe alijibu, akafungasha nguo za mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Jioni ile maziwa yalimvuja hadi gauni likalowa mbele, na hakukuwa na wa kuyanyonya.

Ndipo Matilda alipoitwa. Ndoa yake ilikuwa imevunjika bila mtoto, amerudi kwao karibu na Tosamaganga, Iringa, analima bustani ya mama yake. Alikuja Uyole kusaidia kwa muda mfupi. Muda mfupi ukaota mizizi. Joyness akaota meno yake hapo, akajua kuongea hapo, akaanza shule ya chekechea hapo.

Huko Igowole, Tusajigwe alipanga chumba kimoja. Alikuwa na jiko dogo la gesi na sufuria moja, basi akajifunza kupika kila kitu humo kwa pamoja. Chakula alichokipenda kuliko vyote kilikuwa tambi, alizoziona kwenye simu siku moja akazijaribu: mboga za kila namna, maziwa, na jibini inayeyukia juu. Alizipika Jumapili, akitoka kanisani. Mpishi mmoja, mlaji mmoja, lakini mkono wake ulikataa kupunguza kipimo. Kila mara alipika za kutosha familia, akala sahani yake, na iliyobaki akawapelekea majirani. Kisha alipiga simu nyumbani.

"Nikija nitakupikia tambi zinazovutika," alikuwa akimwambia Joyness.

"Zinavutika kama bigijii?"

"Zaidi ya bigijii."

Na nyuma ya sauti ya mtoto kulikuwa daima na sauti ya Matilda, inasema vaa sweta, inasema njoo unawe, inasema muage mama tulale. Tusajigwe alimshukuru wifi yake kwenye kila simu, na wifi alistahili shukrani hizo. Lakini kuna siku, akishakata simu, aliichukia ile sauti. Aliichukia kwa jinsi ilivyokuwa tulivu.

Sasa uhamisho wake wa kuja Mbeya ulikuwa umepita. Hakumwambia mtu, hata Ambrosi. Alitaka kulisema neno hilo mezani, sufuria ikiwa katikati, wote wapo.

Usiku ule Joyness alilala na shangazi yake, kama kawaida. Tusajigwe aliwasikia upande wa pili wa ukuta wakisali, sauti kubwa na sauti ndogo zikifuatana. Hakuyashika maneno.

Asubuhi, Jumamosi, alikwenda soko la Mwanjelwa akarudi na mfuko mzito: karoti zenye udongo bado, hoho, njegere za kumenya, nyanya, spinachi iliyofungwa kwa gome la mgomba. Jibini alikuwa nayo, kipande kizuri alichokinunua njiani Mafinga, amekizungusha kwenye taulo ndani ya begi. Akamwambia Matilda apumzike.

"Leo usiguse kitu, wifi. Leo ni mimi."

Matilda akatii. Akatoka uani kufua, akafua, akaanika, kisha akakaa kwenye ngazi na mikono yake mapajani, mikono isiyozoea kukaa hivyo.

Jikoni Tusajigwe alikuta kila kitu kimehama. Chumvi haikuwa pale alipoiacha. Kisu chake cha mpini mweusi hakikuwapo. Alifungua kabati moja, akafungua la pili, akasimama katikati ya jiko lake asijue aanzie wapi.

"Unatafuta nini?" Joyness alikuwa mlangoni.

"Chumvi."

"Iko kwenye kopo la kahawa. Shangazi anaiweka huko isiloe." Akaingia, akalichukua kopo, akampa. "Na sufuria kubwa iko chini ya meza. Na mwiko huu usiutumie, wa ugali huu. Tumia ule."

"Asante. Ningepotea bila wewe."

Mtoto hakucheka, lakini hakuondoka. Akapanda juu ya ndoo iliyofunikwa ili aone vizuri. Tusajigwe akakaanga kitunguu taratibu, akaweka kitunguu saumu, jiko likaanza kunukia. Akatia nyanya akaziponda kwa mwiko hadi zikalainika, kisha karoti na hoho alizokata vidogo kama kucha. Akamimina maji na maziwa, na yalipochemka akazivunja tambi juu ya sufuria.

"Unazipika humo humo?" Joyness alishtuka. "Shangazi anazichemsha peke yake, anamwaga maji, halafu anatia sukari."

"Hizi zinakunywa mchuzi wenyewe. Ndiyo maana zinakuwa tamu. Kazi yake ni kukoroga tu, zisishike chini. Utakoroga?"

Akampa mwiko, akasimama nyuma yake, mkono juu ya mkono. Nywele za mtoto zilikuwa chini ya kidevu chake, zimesukwa vizuri, zinanukia mafuta ya nazi ambayo hakuyanunua yeye. Alizinusa hata hivyo. Wakakoroga hivyo, mchuzi ukizidi kuwa mzito. Zikaingia njegere. Mwishoni spinachi, ambayo ilijaa sufuria kisha ikanywea ikawa si kitu. Tusajigwe akazima gesi, wakakwangua jibini pamoja, akafunika kidogo.

Alipofunua, alichota kwa uma akainua juu, na nyuzi za jibini zikapanda nao, ndefu, hazikatiki.

"Shangazi! Shangazi, njoo uone zinavyovutika!" Joyness alipiga kelele, akaruka kutoka kwenye ndoo, akakimbilia uani.

Tusajigwe akabaki ameinua uma.

Waliizunguka sufuria ile mezani, Ambrosi akiwa ametoka kusahihisha mitihani, Matilda akiwa amebadilisha kitenge kana kwamba amealikwa. Joyness alikula sahani ya kwanza akaomba nyingine, kidevu chote jibini. Ambrosi alimtazama mkewe akatikisa kichwa kwa furaha.

"Kumbe ndivyo ulivyokuwa unakula huko, sisi tunakuonea huruma!"

Tusajigwe akaweka kijiko chini. "Nina neno. Uhamisho umepita. Nahamia hapa Mbeya. Mwezi ujao nakuwa nyumbani."

Ambrosi alisimama hadi kiti kikaanguka. Akamshika mkewe mabegani, akasema maneno yasiyo na mpangilio, akamshukuru Mungu, akamwinua Joyness juu. "Umesikia? Mama anarudi! Hatakwenda tena!"

"Mungu ni mwema," Matilda alisema. "Mungu ni mwema kweli, wifi. Hongera sana." Akasukuma sahani yake, ambayo haikuwa imepungua. "Ngoja nianue nguo, nimeona mawingu."

Akatoka. Jua lilikuwa linawaka, na zile nguo alikuwa ameanika muda mfupi tu uliopita.

Tusajigwe alimfuata. Alimkuta nyuma ya nyumba amekumbatia lundo la nguo mbichi, maji yanamchuruzika tumboni hadi miguuni. Juu ya lundo lile kulikuwa na sare ndogo ya chekechea.

"Wifi," Tusajigwe alisema.

"Usinijali. Nafurahi. Nakuapia nafurahi." Matilda aliongea bila kugeuka. "Kila siku kabla ya kulala nilimfundisha aombe: Mungu, mpe mama yangu uhamisho. Hakuna siku tuliyoruka. Jana ulitusikia?"

"Niliwasikia mkisali. Sikujua mnasali nini."

"Basi ndiyo hiyo. Lakini mimi mwenyewe, wifi, mdomo ulikuwa unaomba na moyo umekaa kimya. Nilikuwa naogopa tusije tukasikilizwa." Akazibana nguo zile zaidi. "Sasa tumesikilizwa."

Tusajigwe alikuwa na maneno aliyoyaandaa Igowole, ya shukrani, ya heshima, na yote aliyaona sasa hayana uzito. Akaanza kuchukua nguo kutoka mikononi mwa Matilda, moja moja, akizirudisha kambani.

"Kaa na sisi," alisema mwishowe. "Nyumba inatosha."

"Inatosha, lakini mtoto hatakujua nikiwepo. Akianguka atanikimbilia mimi. Umeona leo, umepika wewe, akaja kuniita mimi." Alisema bila majivuno, kama mtu anayeeleza dawa. "Wewe una njaa naye, Mama Joy. Naiona. Nikikaa utakufa na njaa hiyo mezani."

"Na wewe?"

Matilda alijifuta uso kwa bega. "Mimi nitakwenda nyumbani nikalime. Ila usiniondoe ghafla. Niache nikuonyeshe vitu. Akiota ndoto mbaya usiwashe taa, mpapase mgongo tu. Nywele anataka asukwe akiwa anakula, vinginevyo analia."

"Nionyeshe," Tusajigwe akasema, na hapo ndipo yeye alipolia, si Matilda.

Alihamia mwezi uliofuata kama alivyosema. Wanawake wale wawili waliishi pamoja hadi shule zilipofungwa, mmoja akirudi nyuma hatua, mwingine akisogea mbele. Matilda alijifunza tambi za sufuria moja. Tusajigwe alijifunza kusuka huku mtoto anakula. Siku Matilda alipoondoka, alimbusu Joyness akiwa amelala, kwa sababu hakuweza akiwa macho.

Baada ya hapo Joyness hakulia. Tusajigwe alikuwa amejiandaa kwa kilio, lakini mtoto alikaa tu mlangoni jioni, anatazama njia. Ambrosi alimletea biskuti, akamletea katuni kwenye simu. Tusajigwe alimwambia mumewe amwache. Hali ile aliijua. Alikaa nayo Igowole Jumapili nyingi, na hakuna biskuti iliyowahi kuiondoa. Akaenda akakaa mlangoni pia, bega kwa bega na mwanawe.

"Unamkumbuka shangazi?"

"Ndiyo." Halafu, "Na yeye anatukumbuka?"

"Sana. Hata sasa hivi."

"Unajuaje?"

"Mimi nilikuwa nakukumbuka wewe hivyo hivyo. Nilikuwa napika sufuria nzima, halafu nakumbuka kwamba niko peke yangu."

Joyness alimgeukia, akamtazama kwa muda mrefu. Na siku ile ndiyo aliyoingia kwa mara ya kwanza kitandani kwa mama yake bila kuitwa.

Likizo iliyofuata Tusajigwe alimpeleka Iringa. Matilda aliwapokea barabarani, majirani wakisalimia kwa Kihehe, kamwene, kamwene, na Joyness akiitikia kama mwenyeji. Siku zote walizokaa pale mtoto alikuwa kwenye kitenge cha shangazi yake, bustanini, kisimani, jikoni. Tusajigwe aliwatazama akiwa amekaa anamenya njegere. Bado iliuma. Iliuma, lakini hakutaka kuwaita.

Siku ya kuondoka Joyness alilia kilio alichokuwa amekiweka miezi yote. Aligoma kutembea. Tusajigwe akamgeuzia mgongo, akamweka juu, akamfunga kwa kitenge ingawa alikuwa ameshakuwa mkubwa na miguu yake ilining'inia hadi magotini mwa mama yake. Wakaanza kupanda njia kuelekea barabara kuu. Nyuma yao Matilda alisimama kwenye mahindi, hakupunga mkono.

"Shangazi!" mtoto alilia. "Nataka shangazi!"

"Najua, mwanangu," Tusajigwe alisema. "Lia tu."

Akalia njia nzima, akiliita jina lile lile bila kuchoka, huku mikono yake miwili imezunguka shingo ya mama yake, imeshika kwa nguvu, haiachii.