Kyule Anapinga Joto la Dunia

Julai hiyo ukungu wa Kilungu ulikataa kuondoka hata saa mbili na nusu. Watu kumi na wawili wa mwethya, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, walisimama shambani kwetu mikono kwapani, wakimsikiliza Kyule. Alikuwa amevaa makoti mawili na hakuja na jembe.

"Mtaro wa nini?" aliuliza, akininyooshea kidole. "Huyu Mbinya alikuja na diploma yake akatuambia dunia inapata joto, eti mvua zitakuja na fujo. Joto liko wapi? Ng'ombe wangu anatetemeka. Januari nimeona kwenye simu magari ya Ulaya yamezikwa na theluji. Na kule kwenye ncha za dunia barafu bado iko. Twendeni tukaote moto."

Wawili walianza kugeuka. Zamu yetu ikipita leo ingerudi Desemba, na mvua ya Novemba iliyopita ilibeba udongo wetu pamoja na nusu ya mbaazi, kwa kukosa mtaro wa kuyazuia maji. Nilifungua mdomo, mama akaniwahi.

"Kyule, sheria ya mwethya unaijua. Anayeongea shambani ni aliyeshika jembe, na jembe halisimami."

Akamnyooshea lake. Kyule alilitazama. Angeweza kunyamaza? Hajawahi. Akalichukua.

"Mimi nasema," akachimba, "baridi ni baridi."

Nikachimba kando yake. "Mzee, Jumapili moja mwaka huu ulifika kanisani kabla ya pasta. Tuseme wewe si mtu wa kuchelewa?"

Mwethya mzima ulicheka, na majembe yakaingia kazini.

"Na barafu?" Kyule aliuliza.

"Ipo. Hata maji ya mtungini yapo. Uliza jana yalifika wapi."

Nzilani akamuunga Kyule mkono, Muindi akaniunga mimi, na kila hoja ikarushwa juu pamoja na udongo wake. Nilicheka hadi nikapiga hewa badala ya ardhi. Kyule alivua koti la kwanza, kisha la pili. "Hili si joto la dunia," alionya, "ni la jembe."

Saa tano, zikiwa zimebaki hatua nane tu mtaro ufike kwenye ua wa shamba, alisimama.

"Sawa. Baridi ya asubuhi moja haifuti joto la miaka mingi. Nimekubali."

Akaegemea jembe. Wote wakaegemea. Ubishi ulikuwa umekwisha, na nguvu nazo. Nilimtazama mama.

Alijifunga leso vizuri, akatikisa kichwa. "Mimi sasa ndiyo nina shaka," alisema. "Baridi yote hii? Labda Mbinya alidanganywa chuoni."

Kyule alimgeukia, macho yamemtoka. "Mama Mbinya, kwani tangu asubuhi nimekuwa nikiongea na nani?" Akatemea viganja mate, akainua jembe. "Sasa nisikilize vizuri. Naanza mwanzo."

"Anza," mama alisema, "ukielekea kule kwenye ua."