Ngozi ya Feleti

...na mdomo hauchoki, wifi Kalolaine, kajimwaga kwenye mkeka wangu na chupa ya mafuta ya nazi, soksi zimelowa mvua kazivua kaziweka kando, "Nipe mwanangu nimkande, mtoto gani wa Kitonga visiwani kwetu hajakandwa tangu azaliwe?" mwanao, eti, na mikono kainyoosha... nami nimempakata Feleti, bendeji imefika gotini, na hapo gotini pana lengelenge jipya, limevimba kwa sababu jana nilimshika kumkogesha, kumshika tu... umkande? sema umchune... lakini nani wa kumwambia, dada wa baba ndiye mkubwa kwetu, jina la mtoto alitoa yeye, akitaka kumchukua akamlee kwake anamchukua, na mimi mke wa kuletwa naitikia kila kitu kama kasuku, namchukia, Mungu anisamehe, namchukia mpaka meno yananiuma... "Ulikula pweza na mimba ile, nilikukanya, tumbo bovu halizai ngozi nzima," tumbo bovu, mbele ya mwanangu... daktari alisema si pweza, ni kolajeni, nyuzi zinazoishikiza ngozi ya juu kwenye ya chini, za Feleti zina kasoro, basi ngozi inaachana kama ngatu, nguo yetu ya magome, iliyobandikwa kwa uji mwepesi, na kasoro hiyo hurithiwa, mzazi mmoja anatosha... majibu ya damu bado hayajarudi kutoka ng'ambo, akauliza nani kwenu ana makovu, malengelenge, kucha zilizokufa, na Semisi, mume wangu, akatazama kucha za miguu yake, nyeusi, zimejikunja, akacheka, "Hizi za raga, daktari, timu nzima tunazo," na nikarudi nyumbani mimi ndiye mbovu... "Kwani hunisikii?" anasema, goti lake mwenyewe linamuuma, anajigeuza, anautoa mguu chini ya sketi, na... kucha hazipo, vidole vitupu, viwili tu vina kigamba cheusi kilichojikunja, na makovu yanang'aa kama karatasi mpaka kwenye muundi... ndizo zile zile, za Semisi, mpaka mkunjo wake... na wewe wifi ulicheza raga lini? ulikuwa winga?... na Semisi hajui, atajuaje, kaka haketi chumba kimoja na dadake, hata sasa yuko jikoni nje anamenya viazi vikuu kwa sababu wewe umo humu, hajakutazama miguu tangu mkiwa wadogo, heshima ndiyo iliyokuficha, heshima na hizo soksi unazovaa hata kwenye jua kali, nami nikidhani ni maringo ya kanisani... ulijua, ulijua ukaniita tumbo bovu... au hukujua, labda nawe walikukanda, ukapiga mayowe, wakasema unadeka... sitaki kukuonea huruma, usinitie huruma hapa, aibu hii ni yenu, nimeibeba mimi tangu mtoto azaliwe na hukunipokea hata siku moja... "Wewe, nipe mtoto," mikono bado imenyooshwa, mafuta yanachuruzika viganjani, Feleti ameanza kulia kabla hajaguswa, nafungua kinywa nikubali kama kawaida, kukubali hakuji, hasira imebaki lakini hofu imenitoka yote, hupewi, Kalolaine, uite ukoo mzima ukae mlangoni, hupewi.