Mji Alioutoa Nyamizi

Maneno ya mashineni si ya kulala nayo, lakini Nyamizi amelala nayo siku ya tatu sasa. Kalunde ndiye aliyeyaleta, wakisubiri unga wao usagwe pale Nzega. Mwenzangu, ati kuna kijana huko Hispania, kazi yake kama ya mwanao, kujipaka rangi ya kijivu na kusimama juu ya kisanduku kama sanamu. Kasimama, kasimama, wiki nzima hajashuka, kumbe keshakuwa jiwe! Na watalii? Wanapiga naye picha tu, tena wanamsifu. Wanawake wakacheka. Nyamizi naye akacheka, akaenda zake, unga akausahau.

Leo mchana anachambua choroko mkekani, pembeni simu yenye picha za Kashindye, mwanawe wa pekee aliyeko Hispania, huyu hapa Segovia, huyu hapa Granada, huyu hapa Barcelona penye kazi yake, na kope zinamlemea, choroko zinakuwa changarawe, changarawe zinakuwa mawe, na mawe yanapandana yenyewe, tao juu ya tao, bila hata chembe ya saruji, mpaka juu ya kichwa chake limesimama lile daraja la kupitishia maji la Segovia. Chini yake yuko mwanamke mwenye ndoo kichwani, uso laini kama jiwe la kusagia, hana jicho wala mdomo. Shikamoo, anasema Nyamizi, maana asiye na uso hujui umri wake. Namtafuta mwanangu. Mwanamke anamgeukia. Kitendawili, anasema. Tega, anajibu Nyamizi kwa mazoea, kama utotoni jikoni kwa bibi yake. Tumebebana miaka na miaka, wala hatujashikana mikono. Jibu liko juu ya kichwa chake na halioni. Nimeshindwa. Nipe mji. Naye, kama mtoto anavyogawa mji usio wake, anasema, chukua Segovia. Hapo hapo matao yanajikunja kama mkeka, moja linalimeza jingine, na nyuma hakuna njia tena.

Mbele njia ipo, inazunguka, inarudi, inapita pale ilipokwisha kupita, hadi inamtupa Granada, kwenye ua wa nguzo nyembamba kama miguu ya korongo, kuta zimedariziwa maandishi, na katikati simba kumi na wawili wa marumaru wamebeba beseni migongoni, maji yanawatoka vinywani. Ndani ya maji kuna ua mwingine uliopinduka, na mle Kashindye anapita kichwa chini, kijivu mpaka kwenye kope. Mwanangu! Hageuki. Kitendawili, anasema yule mwanamke wa ndoo, kumbe kamfuata. Dada, mimi sina nafasi ya michezo, nionyeshe njia. Njia ndiyo hii. Kitendawili. Haya, tega basi! Tunatapika kutwa kucha na hatujala kitu. Nyamizi hafikiri hata kidogo, ana haraka. Chukua Granada. Na simba wanakunywa ua wao wote, nguzo kwa nguzo.

Sasa ni Barcelona, barabara pana ya waenda kwa miguu, na sanamu zimepangwa kama wagonjwa kwenye foleni ya zahanati, malaika, mfalme, askari, hakuna inayopumua. Ya mwisho ni Kashindye. Anamshika mguu, wa baridi. Shuka, baba, twende nyumbani. Mdomo hautikisiki, sauti inatoka kifuani, ndogo, ile ya siku alipougua surua. Mama, miguu imekwisha kuwa jiwe, sasa linapanda kiunoni. Kitendawili, anasema yule mwanamke. Nimemzaa wa moto, nimemkuta wa baridi. Jibu hili analijua, liko kwenye ncha ya ulimi, lakini mama gani atamtazama mwanawe machoni amtamkie jiwe? Nimeshindwa, anasema, na analia. Nipe mji. Imebaki miwili tu. Huu, ambao ukienda unakwenda na Kashindye, na ule wa kwao. Wewe ungetoa upi?

Chukua Nzega.

Anazinduka, choroko zimemwagika mkekani, simu inaita. Mama, nimeacha ile kazi, narudi. Nyamizi anapiga magoti, asante Mungu, asante Mungu. Ila mama, nipo hapa dirishani kwa mkata tiketi, dada wa watu ametafuta kwenye ramani mara tatu, anaiona Tabora, anaiona Igunga, anasema katikati hapana kitu. Mama? Kwetu panaitwaje? Nyamizi anachungulia nje. Barabara ipo, nyumba zipo, mashine inaunguruma. Au ndivyo anavyoona yeye tu. Anafumbua mdomo. Mama, uko wapi?

Basi, akina mama wenzangu, ya kuepuka ni haya:

Usilale na neno la watu moyoni.

Usiseme tega kabla hujamjua anayetega.

Usitoe mji, hata wa mbali, hata kwa mzaha. Una watu wake.

Usifuate njia inayorudi ilikotoka.

Na mtoto akikuuliza kwao ni wapi, usikawie kumjibu.